Ukuta Uliokufa Hauvishwi Tailizi

Nianze na kosa langu, kwa sababu bila hilo sina haki ya kumsema mtu. Mwaka juzi, nikiwa chumbani kwangu Dar es Salaam, nilimwambia fundi aliyekuwa Musoma kwamba anaongeza kazi ili aongeze siku. Nilimwambia kwa simu, kwa sauti ya mtu anayesoma shahada ya uzamili na aliyekwishaangalia video tatu za kuweka tailizi. Yeye alikuwa amesimama bafuni kwa mama yangu, mtaa wa Nyasho, kiganja chake kikiwa ukutani. Mimi nilikuwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwenye ukuta huo.

"Dada," aliniambia, "huu ukuta umekufa. Tubandue lipu yote mpaka tofali ionekane, tupige nyingine, ndiyo tuweke tailizi."

"Siku ngapi?"

"Kubandua siku mbili. Kupiga lipu siku moja. Halafu tunaiacha wiki mbili, siku za mwanzo tunaimwagilia maji."

Nikamwambia nimempa hela ya tailizi, si ya kubomoa nyumba ya watu. Akanyamaza kidogo. "Basi tafuta mwingine, dada. Mimi hapa siwezi kubandika." Akapanda Hiace akarudi kwao Bunda.

Nikatafuta mwingine, na mwingine akapatikana jioni ileile. Alimaliza kwa siku tatu. Mama alinitumia picha: bafu jeupe, mstari wa bluu katikati, linang'aa kama la hotelini. Niliiweka kwenye stetasi.

Miezi minane baadaye, alfajiri moja, vipande 11 vya tailizi viliachia ukuta kwa pamoja. Bibi alikuwa ndani anaoga. Havikumpiga kichwani, tunamshukuru Mungu, lakini kimoja kilipasukia sakafuni kikamchana mguu, juu kidogo ya kisigino. Bibi ana kisukari. Ndiyo maana tulikuwa tumemtoa Butiama, aje akae karibu na kliniki. Kidonda ambacho kwangu kingepona kwa wiki mbili, kwake kilichukua miezi minne. Katikati ya miezi hiyo kuna siku daktari alizungumza na mama polepole sana, akalitaja neno kukata. Mguu haukukatwa. Lakini mama alikaa wiki tatu nzima akijua kwamba huenda ukakatwa, na mimi nilijua ni kwa sababu ya nani.

Kwa hiyo nina ugomvi, na naanza kugombana na mimi mwenyewe kabla sijafika kwako. Ninachodai ni kitu kidogo: kubandua lipu iliyokufa ni kazi. Ni nusu ya kwanza ya kazi ya tailizi, na inastahili siku zake, bei yake na mstari wake kwenye karatasi ya makubaliano. Anayeikataa hajaokoa hela. Amewakopa watakaooga humo.

Niliporudi nyumbani nilivikuta vile vipande vimerundikwa chini ya mwembe. Nikavigeuza kimoja kimoja. Mgongoni mwa kila kipande gundi ilikuwa imeshika vizuri kabisa. Nyuma ya gundi kulikuwa na ngozi ya rangi ya mafuta, ile ya kijani ya miaka yote. Nyuma ya rangi, lipu nene kama kidole gumba. Nyuma ya lipu, vumbi. Gundi haikushindwa. Yule fundi wa pili hakukosea hata mstari mmoja. Kazi yake ilinyooka. Kilichoachia ni lipu, ambayo ilikuwa imekwishaachana na tofali muda mrefu kabla yeye hajafika, na sisi tukaibebesha mzigo.

Tupige hesabu ya mzigo wenyewe. Tailizi ya ukutani, pamoja na gundi yake, inaweza kufika kilo 20 kwa mita ya mraba. Bafu la mama lina mita za mraba 14 za ukuta uliovalishwa. Hizo ni kilo 280, sawa na watu wazima wanne wenye afya, tuliowaning'iniza kwenye vumbi. Halafu tukawamwagia maji ya moto kila asubuhi.

Watu wananiambia siku hizi kuna gundi za kisasa, zinashika juu ya chochote. Ni kweli zinashika. Zinashika kile unachozipa. Ukizipa rangi zitashika rangi, ukizipa lipu iliyooza zitaikumbatia hiyo lipu na kushuka nayo. Hakuna gundi inayopenya lipu mbovu ikaenda kuomba radhi kwa tofali iliyo nyuma.

Na wengine wananitolea methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ni nzuri, ila tunaitumia kama ruhusa ya kufunika. Muulize fundi yeyote wa mjini Musoma jinsi ufa unavyozibwa. Kwanza anaupanua. Anachukua tindo na nyundo, anaufungua mpaka ule ufa mwembamba unakuwa mfereji, anapiga brashi vumbi litoke, anaumwagia maji, ndipo anajaza. Anayepaka juu tu ameuficha ufa, na ufa uliofichwa hauachi kutembea.

Nilikwenda Bunda kumtafuta yule fundi wa kwanza. Sikujua nitamwambia nini. Nilimkuta kwenye nyumba ya wageni, si mbali na barabara kuu iendayo Mwanza, amevaa kofia ya sufi imejaa weupe, anagombana na mwenye nyumba kuhusu jambo lilelile. Mwenye nyumba alitaka vyumba vifunguliwe kabla ya mwisho wa mwezi. Walipomaliza, nikajitambulisha: mimi ndiye yule dada wa Musoma. Akanikumbuka mara moja. Nikamweleza habari ya bibi.

Hakusema "nilikwambia." Aliuliza tu, "Mguu upande gani?" Nikamwambia wa kushoto. Akatikisa kichwa, akaniita ndani.

"Njoo nikuonyeshe kusikiliza."

Akanipa nyundo ndogo, akaniambia nigonge kwa mpini, taratibu, kuanzia juu. Sehemu za juu zilitoa sauti fupi, nzito, kama kugonga jiwe. Nilipofika usawa wa kiuno sauti ikabadilika, ikawa inalia kama debe tupu. "Hapo," akasema. "Hapo kuna hewa kati ya lipu na tofali." Chini zaidi, karibu na sakafu, rangi ilikuwa imevimba malengelenge, na ukikwangua kwa kucha unapata unga mweupe wa chumvi. Maji yanapanda kutoka chini kwenye msingi, akaeleza, yanabeba chumvi, yanakauka, chumvi inabaki na kuisukuma lipu kwa nje kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka.

Sijawahi kufundishwa kitu kwa dakika kumi kikakaa kichwani namna ile. Na hapa niseme kwa haki: hakuniambia kila lipu ibanduliwe. Iliyoshika, isiyo na chumvi, isiyopakwa rangi ya mafuta, iache. Ikwaruze tu ipate ukakasi, uifute vumbi, uendelee. Iliyopakwa rangi lakini imeshika, itoboetoboe kwa tindo mpaka rangi ipotee. Inayolia debe, itoe yote. Kinachoamua ni sikio, na sikio lake lina miaka 19 kazini. Mimi nililishinda kwa sababu moja tu: nilikuwa na hela.

Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, na ni letu sote tuliosoma. Machi 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akilalamika kwamba shule zetu zinazalisha vijana wanaojiona wameinuliwa juu ya kazi za mikono. Tuliisoma kwenye semina chuoni. Tulijadili saa tatu, tumevaa mashati safi, tukakubaliana wote kwamba Mwalimu aliona mbali. Jioni ileile wenzangu wawili walikuwa kwenye simu wakimfokea fundi bomba. Tunaamini daktari akisema kipimo kwanza, dawa baadaye. Tunaamini fundi wa gari akisema afungue injini. Lakini fundi wa ujenzi akisema abandue, tunasikia wizi. Neno "fundi" vinywani mwetu limekaribiana mno na neno "tapeli", na wapo matapeli kweli, siwatetei. Ila angalia tunavyowachuja: anayesema ukweli wa siku 17 tunamfukuza, anayesema uongo wa siku 3 tunampa kazi. Halafu tunashangaa kwa nini waongo ni wengi.

Kwenye majengo makubwa jambo hili halina ubishi. Mkadiriaji majenzi akiandaa makisio ya ukarabati, kuna kipengele cha kubandua lipu ya zamani, kimepimwa kwa mita za mraba, kina bei. Hakuna anayekiita wizi. Wizi unaanza tu pale kazi inapofanyika kwenye bafu la mama yako na fundi hana tai.

Kabla ya kubandua nilimpeleka bibi Butiama siku mbili, akaone nyumba yake, avute hewa ya kwao. Nyumba yake haiko mbali na Mwitongo, alikozikwa Mwalimu. Ni ya tofali za udongo, na miaka kadhaa iliyopita mjomba aliipiga lipu ya saruji upande wa mbele ili ipendeze siku ya harusi. Sasa upande wa mbele ndio mbovu kuliko wote. Lipu imejitenga kama ganda la yai, imeshikilia maji nyuma yake, na tofali za ndani zinamomonyoka. Kuta za pembeni, ambazo bibi alizisiriba mwenyewe kwa udongo na samadi miaka yote, zimesimama.

Nikamuuliza alikuwa anafanyaje. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa namna ya kukoroga uji. "Unakwangua kwanza, mjukuu wangu. Ule uliokufa wote unautoa kwa jembe. Unamwaga maji, ukuta unywe. Halafu unasiriba. Ukisiriba juu ya uliokufa, umesiriba upepo."

Yaani alikuwa anajua. Bibi ambaye hakumaliza darasa la nne alikuwa anajua kile alichojua fundi wa Bunda, na amekaa kwenye nyumba ya mama siku tatu zile akimtazama fundi wa pili akibandika, na hakuna aliyemuuliza. Nilipomwambia hivyo alicheka. "Ningesema nini? Mlikuwa mmeshalipa."

Usiku ule akanisimulia ya babu. Nyumba ya Nyasho ilijengwa 1984. Wanaokumbuka miaka ile wanajua: nchi ilikuwa imetoka kwenye Vita vya Kagera, fedha za kigeni hakuna, sabuni kwa foleni, na mwaka mmoja nyuma ulikuwa umepita msako wa wahujumu uchumi. Saruji ilipatikana kwa kibali. Babu aliomba mifuko 20, akapata 6. Akaizidisha mchanga. Pale panapotakiwa ndoo moja ya saruji kwa nne au tano za mchanga, yeye alikwenda mpaka kumi, na mchanga wenyewe aliuchota ufukweni bila kuuosha. Hakuwa mzembe. Alikuwa na watoto saba na msimu wa mvua unakaribia. Lipu ile ilikinga mvua na upepo wa ziwa kwa karibu miaka 40, na hiyo ni kazi kubwa kuliko alivyoidai.

Mwaka 1977, akitathmini Azimio la Arusha baada ya miaka 10, Mwalimu alisikitika kwamba watu wanaacha tofali za kuchoma na vigae vya udongo, wanakaa kusubiri bati na udongo wa Ulaya, yaani saruji, kana kwamba bila hivyo nyumba si nyumba. Nilikuwa nikidhani ni maneno ya mzee asiyependa maendeleo. Siku ile Butiama, nikiwa nimeegemea ukuta wa samadi uliosimama, nikitazama wa saruji unaoanguka, nilimwelewa kidogo. Ila babu naye namwelewa. Kwa hiyo nisisikie mtu akisema kubandua lipu ni kuwadharau wazee. Kuwadharau ni kuibebesha kazi yao kilo 280 ambazo hawakuijengea.

Najua wasomaji wa jarida hili, mimi ni mmoja wao. Hapa mnasubiri niseme kwamba bafu ni nchi, lipu ni katiba, tailizi ni ripoti za wafadhili. Sisemi. Bibi hakuchanwa na sitiari. Tukikimbilia sitiari tunapata nafasi ya kukubaliana kwa vichwa na kurudi kwenye mabafu yetu yanayolia debe. Nazungumzia ukuta. Nenda ukaugonge.

Desemba tukabandua. Fundi alikuja kutoka Bunda na mimi nikawa saidia fundi wake. Majirani walipita mara mbilimbili kuhakikisha wameona sawa. Unaanza juu, tindo imelala kidogo, nyundo haina hasira. Mahali palipokufa panakuja kwa bamba zima na unaruka pembeni. Mahali palipo hai panakugomea, na mkono unajua tofauti kabla ya sikio. Siku ya pili sikuweza kufunga vifungo vya blauzi. Nilihesabu ndoo nilizotoa: 37. Zaidi ya nusu tani ya kifusi, ambacho wazee wa mtaa walitukuta tunakitafutia pa kukimwaga wakasema kijaze mashimo ya njia ya nyuma, na kikajaza.

Kabla hatujaanza, fundi alifanya jambo moja ambalo nataka ulishike. Alimwaga maji ukutani, akanipa barakoa, na yeye akavaa. Nikamuuliza kama huvaa siku zote. Akasema akinunuliwa. Vumbi la lipu ni vumbi la mchanga, na mchanga una silika. Silika ikiingia kwenye mapafu haitoki, na humfungulia mlango kifua kikuu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1997. Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Lakini bafuni kwako mkaguzi hatakuja. Mkaguzi ni wewe uliyeshika pochi. Yule kijana unayemlipa kwa siku agonge ukuta mkavu, dirisha limefungwa ili vumbi lisiende sebuleni, anayo miaka 40 ya kupumua mbele yake. Barakoa na ndoo mbili za maji haziwezi kukufilisi.

Lipo pingamizi moja ninaloliheshimu: hela hakuna. Kweli, mara nyingi hakuna. Mama ni mstaafu na mimi naishi kwa kuhesabu. Kubandua na kupiga lipu mpya kulitugharimu shilingi 180,000 za ufundi, mifuko 3 ya saruji na mchanga. Si kidogo. Basi tailizi ndiyo ipunguzwe. Bandua, piga lipu nzuri, weka tailizi mpaka usawa wa kifua, juu paka rangi. Au usiweke kabisa: piga niru iteleze vizuri, osha kwa brashi, oga kwa amani. Bafu la niru kwenye lipu hai halimwangukii mtu. Ambaye kweli hana hela ndiye hasa asiyeweza kununua tailizi mara mbili. Sisi tulinunua mara mbili, na katikati tukanunua dawa za kidonda.

Tulipomaliza, bibi aliingia na fimbo yake. Hakusifia weupe. Aliugonga ukuta, juu, katikati, chini, akasikiliza, akatoka.

Usiku nikakaa na fundi barazani tuandikiane malipo. Nilikuwa nimechora jedwali kwenye daftari. Mstari wa kwanza niliandika: Kubandua lipu ya zamani, mita za mraba 14. Mbele yake bei. Nikamgeuzia daftari asome. Alilishika muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kidole chake kikiwa kwenye ule mstari, kisha akanirudishia.

"Andika na kifusi, dada," akasema. "Nacho kimebebwa."

Nikaandika na kifusi.